Askofu wa f5 amenaswa

SWALI: Nacheza chesi kwenye klabu hapa Mtwara, na nikishika nyeusi ulinzi wangu ni Caro-Kann. Mechi ya Jumamosi ilikwenda hivi: 1. e4 c6, 2. d4 d5, 3. e5, askofu f5, 4. h4 e6, 5. g4, askofu e4, 6. f3, askofu g6, 7. h5. Askofu akanasa. Nilikosea wapi?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Hatua ya nne, e6. Tunaizoea kwa sababu mpinzani akicheza 4. farasi f3, e6 ni sahihi kabisa. Akisukuma h4, hesabu inabadilika. Panga ubao uone: askari wako wa e6 amemfungia askofu njia ya kurudi d7 na c8. Baada ya hapo f3 inamnyima e4, g4 inalinda f5, h5 inamfuata g6, na h7 amekaa askari wako mwenyewe. Kilichobaki ni kumla askari wa c2 ili malkia naye amle askofu. Umepoteza askofu kwa askari mmoja.

Sisi tunapendelea 4... h5, yaani nyeusi ajibu h5 katika hatua ya nne. Mpinzani aking'ang'ania g4, mle kwa askari wa h5. Ngome yako ya h8 inafunguka na kumtazama askari wa h4. Akileta askofu d3, badilishana maaskofu bila kusita, kisha ndipo ucheze e6: askofu aliyekuwa mzigo ameshatoka, na c5 inakuja kuipiga d4.

Hata 4... h6 inafaa. Tal alipomchezea Botvinnik h4 hiyo kwenye mechi ya ubingwa wa dunia mwaka 1961, Botvinnik alijibu h6, na g4 ilipokuja akamrudisha askofu d7. Njia ilikuwa wazi kwa sababu askari wa e alikuwa bado e7. Usikimbilie e4 na h7: mpinzani atasukuma e6, amtoe sadaka askari huyo, na mfalme wako abaki na matundu.

Ukichagua h5, kuna mtego mwingine: 5. askofu g5. Mkono utakuvuta ucheze e6. Usithubutu! Askari wa e7 ndiye anayemkinga malkia wako wa d8. Akitoka tu, malkia analiwa. Mpeleke malkia b6 kwanza, amtishe askari wa b2, ndipo e6 ifuate.