Foleni ya nyota

Swali la wiki: "Kati ya maumbo yote ya asili, ni lipi unaloliona zuri kuliko mengine, na kwa nini?"

Mhariri, jibu langu ni galaksi, yale makundi makubwa mno ya nyota, hasa zile zenye mikono iliyojisokota kama gamba la konokono. Mimi ni dereva wa lori. Huu ni mwaka wa 17 nikiwa njia ya Dar es Salaam hadi Rusumo, na usiku mwingi nimelala Manyoni au Nzega kuliko nyumbani kwangu. Ukilala mara nyingi chini ya anga lisilo na mwezi wala taa za mji, utaanza tu kuuliza vitu vilivyo juu ni nini.

Zamani nilidhani mikono ya galaksi ni vitu vilivyoshikamana, kama mapanga ya feni, na kwamba galaksi ikizunguka huzunguka nayo. Hesabu ndiyo iliyonitoa hapo. Jua letu hutumia miaka milioni 230 hivi kukizunguka kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe. Nyota zilizo karibu zaidi na kitovu humaliza mzunguko wao mapema. Jua lina umri wa miaka bilioni 4.6, kwa hiyo limeshazunguka mara 20 hivi. Sasa chukua kamba, funga ncha moja kitovuni na nyingine pembeni, halafu zungusha namna hiyo, ndani ikimaliza mzunguko mapema na nje ikichelewa. Baada ya mizunguko 20 kamba yote imejiviringisha na hakuna mkono tena. Lakini tukitazama angani tunaiona mikono mipana, imekunjuka vizuri, katika galaksi ambazo nyingi ni kongwe kuliko Jua.

Mwaka 1964 wanasayansi wawili, Chia-Chiao Lin na Frank Shu, walitoa jibu ambalo nililisoma kwenye simu nikiwa nimepanga foleni ya mizani, na sidhani kuna mahali pazuri zaidi pa kulisomea. Walisema mkono ni wimbi. Nyota huingia mkononi, husongamana kidogo, hutoka upande wa pili na kuendelea na safari.

Dereva anaijua habari hiyo. Ukipita mizani saa mbili asubuhi utakuta foleni ya malori 40. Ukirudi saa kumi jioni foleni ipo palepale, urefu uleule, lakini hakuna hata lori moja kati ya yale ya asubuhi. Foleni ina umbo lake na mahali pake, malori ni wapitaji. Na penye foleni huota vibanda: chai, mishikaki, chaja za simu, mama lishe na taa yake. Usiku, ukiwa mlimani, barabara yenyewe huioni. Unaona ule mstari wa taa tu.

Mkono wa galaksi nao hung'aa kwa sababu hiyohiyo. Gesi na vumbi vikisongamana mle, hubanana mpaka nyota mpya zinazaliwa. Zile kubwa zaidi ni za buluu, zina joto kali, na huteketea ndani ya miaka milioni chache, kabla hazijapata nafasi ya kutoka mkononi. Ndiyo maana mikono ina buluu, na madoa ya waridi pale gesi inapowashwa na nyota changa, huku kitovu kikiwa cha manjano kwa nyota za wazee. Nyota za saizi ya Jua huishi muda mrefu, hivyo hutoka na kwenda zake, na njiani zitaingia foleni nyingine. Uzuri ule wa kwenye picha ni nuru ya nyota zisizodumu.

Si galaksi zote zinazofuata sheria hiyo kwa utii. NGC 2841 (majina ya namna hii ni namba za galaksi kwenye orodha za wataalamu wa nyota) haina mikono mirefu kabisa, ina vipande vifupi vifupi kama sufi iliyochambuliwa, vinavyotokea na kukatika. NGC 1300 ina ufito ulionyooka katikati, na mikono inaanzia kwenye ncha za ufito huo. Njia Nyeupe nayo ina ufito. NGC 4565 tunaiona kwa ubavu, nyembamba kama sindano. Ile inayonishangaza zaidi ni NGC 4622, ambayo ncha za mikono yake ya nje zinatangulia kule inakozungukia, kinyume na kawaida.

Ila ukinilazimisha kuchagua moja, nachagua M51. Ina mikono miwili mikubwa, na ncha ya mmoja inaonekana kama imeishika galaksi ndogo ya jirani. Inaaminika mvutano wa jirani huyo ndio uliosaidia kuikoroga mikono ikawa safi hivyo. Iko mbali zaidi ya miaka ya nuru milioni 20, yaani nuru yake husafiri zaidi ya miaka milioni 20 kutufikia. Ndiyo galaksi ya kwanza ambayo binadamu aliuona msokoto wake. Mwaka 1845, kule Birr nchini Ireland, William Parsons aliitazama kwa darubini aliyoijenga mwenyewe, yenye kioo cha upana wa mita 1.8, akachora kwa mkono alichokiona. Mwaka uleule viazi vilioza mashambani na njaa kuu ikaanza, na kazi ya kutazama nyota ikasimama kwa muda. Nikiuona mchoro ule huwakumbuka na watu wale.

Na mizani nayo ina sehemu yake. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mwendo ndani ya galaksi ya Andromeda. Walikuta sehemu za nje zinakwenda kwa kasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa, kasi haishuki. Vipimo kama hivyo kwenye galaksi nyingine vilionyesha jambo lilelile: mzigo unaozivuta nyota hizo ni mkubwa kuliko unaoonekana. Ni kama lori linalosoma tani nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye karatasi, ukifungua turubai huoni cha ziada.

Andromeda mnaweza kuiona wenyewe. Katikati ya Novemba, saa tatu usiku, geuka kaskazini. Juu utaona mraba mkubwa wa nyota nne. Shika kona yake ya chini kulia, shuka ukielekea kulia, ruka nyota moja hafifu, simama kwenye ya pili inayong'aa. Hapo kata kushoto huku ukishuka, pita nyota mbili ndogo. Utaona kiwingu. Abdulrahman al-Sufi wa Uajemi alikiandika mwaka 964, akakiita wingu dogo. Nuru yake imesafiri miaka milioni 2.5.

Mwaka jana nilimwonyesha utingo wangu, nje kidogo ya Manyoni, kwa darubini ya macho mawili niliyonunua mtumba. Nilimweleza habari ya foleni. Akatazama muda mrefu, kisha akauliza:

"Mzee, na sisi tuko ndani ya foleni, au tumeshatoka?"

Nikamwambia tumo. Jua liko kwenye kipande cha mkono kinachoitwa mkono wa Jabari, miaka ya nuru kama 26,000 kutoka kitovuni. Hakusema kitu. Aliirudisha darubini machoni, nami nikamwachia mpaka ule mraba ulipoanza kuinama magharibi.