Wheel of Fortune ya kwenye gemu: maswali yenu nimeyaona

Tangu niseme hakuna gemu iliyotokana na shoo ya TV ya Marekani inayoishinda Wheel of Fortune, ile ya kuzungusha gurudumu lenye vipande vya hela na kutaja herufi mpaka ulifumbue fumbo la maneno ya Kiingereza, mmeniandikia kweli kweli. Leo najibu machache.

*Hii gemu ni mpya?*

Wala, ni ya kitambo. Shoo yenyewe aliibuni Merv Griffin, ikaanza kwenye stesheni ya TV ya NBC Januari 1975, halafu 1987 kampuni ya GameTek wakaitoa kwenye NES, ile Nintendo ya zamani, na walioitengeneza ni Rare wa Uingereza. Zimefuata nyingine kibao, Ubisoft nao walitoa ya kwao 2017.

*Irabu inauzwa dola 250, si kupoteza hela tu?*

Jamani nunueni irabu! Hapa ndipo wengi wanapigwa. Bei ni ileile 250 hata kama E zimo tano kwenye fumbo, na kubwa zaidi ni kwamba ukinunua huzungushi gurudumu. Sasa piga hesabu, gurudumu la kwenye TV lina vipande 24, ukichukulia viwili ni Bankrupt (unafilisika) na kimoja Lose a Turn (unapoteza zamu) basi kila ukizungusha una nafasi 1 kati ya 8 ya kuharibikiwa, tena hapo hata herufi hujaitaja. Irabu unakosa tu kama haimo, ndiyo zamu inaondoka.

*Nikishalijua jibu, nizungushe tena niongeze hela?*

Fumbua. Hela za raundi anaondoka nazo aliyefumbua tu, wengine hawapati kitu, na Bankrupt inafagia zote za raundi hiyo (za raundi ulizoshinda nyuma ziko salama). Mimi nazungusha tena pale tu imebaki konsonanti moja inayojirudia mara tatu nne hivi, maana kila inapotokea unalipwa thamani ya kipande.

*Kiingereza changu cha kuungaunga, nitaweza?*

Utaweza, ila anza na maneno mafupi. Neno la herufi moja ni A au I, basi. Ukiona T, pengo, E, weka H bila kuwaza. Alama ya apostrofi wanakuonyesha tangu mwanzo, na ikifuatiwa na herufi moja mara nyingi ni S au T. Halafu soma kategoria, yaani aina ya fumbo, watu wanairuka wakati kama imeandikwa mahali au chakula umeshapunguziwa nusu ya kazi.

*Kwa nini raundi ya mwisho wanakupa R, S, T, L, N na E bure?*

Kwa sababu zamani mchezaji alichagua mwenyewe konsonanti tano na irabu moja, na karibu kila mtu alikuwa anataja hizohizo, basi 1988 wakaamua kuzitoa kwa wote, wewe unaongeza konsonanti tatu na irabu moja. Waandishi wa mafumbo wanalijua hilo na wanazikwepa hizo za bure, kwa hiyo usiogope herufi zinazoonekana ngumu. Mimi huchukua H, G, D na O.