PET imetoka safi? Usiifute hiyo miadi ya kamera

Mkuu, usiifute. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba una limfoma ya MALT ya mfuko wa chakula (saratani ya seli za kinga za mwili), umemaliza dawa za kuua bakteria wa H. pylori, PET-CT, ile picha ya kusaka saratani mwilini, imetoka safi na kliniki wamekwambia endoskopi, yaani ile kamera ya bomba la kumeza, "inaweza kusubiri". Unauliza kama unaweza kuiruka, mionzi ya vipimo vyote hivi ina madhara gani, na kama sasa ruksa kurudia kahawa. Mimi nilipofika kwenye neno "safi" nikashindwa kuendelea kusoma, maana neno hilo ndilo lililoniponza.

Nilikuwa na MALT hiyohiyo. Nilimeza dawa, nikalazwa kwenye mashine, nikapewa karatasi yenye mstari mtamu: "Hakuna mwako usio wa kawaida kwenye mfuko wa chakula." Mtu wa kliniki akanisomea, akasema nimepona, ya nini kujitesa kumeza bomba? Na nani hapa duniani anapenda kumeza bomba? Nikafuta miadi, tena kwa furaha. Nikaanza hadi kuwapa wengine ushauri wa afya, Mungu anisamehe.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na mwenyewe sikuwa na akili ya kulitazama, ni kwamba hata kabla ya dawa nilishafanyiwa PET. Karatasi yake ilikuwa kwenye bahasha hiyohiyo. Nilipokuja kuzitandaza zote mbili mezani, mstari ni uleule, neno kwa neno! Yaani ugonjwa ukiwepo, vinyama vilivyokatwa kwenye mfuko wa chakula vimeshauthibitisha maabara, PET haikuona kitu. Baada ya dawa haikuona kitu. Sasa hapo imenipa habari gani? Kisichowaka tangu mwanzo huwezi kusema kimezimika.

PET inafuata sukari yenye mionzi uliyochomwa mshipani. Seli zinazoila sukari hiyo kwa pupa ndizo zinazowaka. Limfoma ya seli kubwa, wanayoiita DLBCL, huila hasa, ndiyo maana kwake PET inaheshimika na majibu hupewa alama za Deauville, kipimo cha ukali wa mwako, 1 hadi 5. Hii yetu ya MALT ni ya polepole. Inatambaa kwenye utando wa ndani, wengine inawaka, wengine haiwaki kabisa. Na mfuko wa chakula una tabia ya kuwaka kidogo hata ukiwa mzima, ukiwa na kidonda au gastritisi (uvimbe wa utando wake) ndiyo usiseme. Kwa hiyo inaweza kukutisha bure au kukubembeleza bure. Mimi nilibembelezwa.

Niliporudi hospitali sikurudi kwa hiari: choo cheusi, uzito unashuka. Kamera ikaingia, vinyama vikachukuliwa sehemu nyingi, na sehemu moja wakakuta seli zimeshageuka kuwa zile kubwa. Ugonjwa ambao kwa watu wengi wanaowahi huondoka kwa antibayotiki tu ukanipeleka kwenye kemo. Nywele zimerudi, asanteni, ila zimerudi kwa dharau.

Simlaumu daktari wa picha. Yeye aliandika alichokiona, na chini kabisa kwa herufi ndogo aliandika "ilinganishwe na endoskopi". Hasira zangu ni kwa yule aliyeuruka mstari huo, akaigeuza "hakuna mwako" kuwa "umepona" huku akitabasamu. Tabasamu lile nalikumbuka mpaka leo. Huyo wako wa "inaweza kusubiri" naye muulize: isubiri nini? Mpaka tarehe gani?

Msimamo wangu ni mmoja na sibishani na mtu: ugonjwa huu uligunduliwa kwa kinyama, kinyama ndicho kitakachosema umeondoka. Tena vichukuliwe vingi, sehemu mbalimbali, hata pale panapoonekana pazuri kwa macho, maana MALT hujificha kwenye utando unaofanana kabisa na mzima.

Sisemi picha hazina kazi. CT, picha ya eksirei ya vipande vipande, inatazama tezi, ini, wengu, mapafu, vitu ambavyo kamera haivifikii. Altrasaundi ya ndani, ile inayoingizwa na kamera, inaonyesha tabaka tano za ukuta na ugonjwa umezama hadi tabaka lipi, na hapo mwanzoni inasaidia sana. Baada ya tiba ukuta unaweza kubaki mnene kwa kovu au uvimbe wa kawaida, hivyo nayo usiipe rungu la hakimu. Na ukipelekwa CT, hakikisha fomu imeandikwa kwamba wanatafuta limfoma ya mfuko wa chakula, wakunyweshe maji ya kutosha muda mfupi kabla ya picha. Mfuko mtupu hujikunja, kuta zinagusana, unaweza kuonekana mnene bure au ukaficha kilichopo. Ukitanuliwa vizuri, ukuta mzima kwa kawaida hauzidi milimita 5, ingawa karibu na mlango wa kutokea huwa mnene zaidi.

Halafu usije ukazimia vinyama vikirudi bado vina seli. MALT inaweza kuchukua miezi 12 au zaidi kuisha hata bakteria wakiwa wamekufa, na madaktari wengi huendelea kuitazama tu kwa kamera kama haikui. Ila wathibitishe kweli wamekufa: kipimo cha pumzi, wiki 4 au zaidi baada ya antibayotiki, na zile dawa za kupunguza asidi uwe umeziacha kama wiki 2.

Ulikuwa umeuliza na mengine, wenzangu watakujibu. Wewe kesho asubuhi piga simu urudishiwe tarehe yako, na kwenye bahasha tafuta ripoti ya PET ya kabla ya dawa. Kama ipo, nakili hapa walichoandika kuhusu mfuko wa chakula. Kama haipo, ndiyo kabisa, hata cha kulinganisha huna.