Warsha yangu ya kwanza ilipigiwa makofi

Ilikuwa katika kijiji kimoja mkoani Shinyanga, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya kijiji, na mada ilikuwa ndoa za utotoni. Nilisimamisha bango kitita, nikaeleza vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Nikasimulia jinsi Mahakama Kuu ilivyosema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Nikamalizia na kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akatoa neno la shukrani. Watu wakasaini, wakapokea posho, wakatawanyika.

Kabla mwezi haujaisha, binti wa kijiji kilekile aliozwa, na ng'ombe walihesabiwa mchana kweupe.

Iliniuma sana. Nilipotulia ndipo nikaona kwamba siku ile nzima sikuwauliza swali hata moja ambalo jibu lake sikuwa nalo tayari. Wewe unayejiandaa kwenda kuzungumza na watu kuhusu mila, ukatili au malezi, anzia hapo: jiulize kama kuna kitu unakwenda kukijua kutoka kwao. Kama hakuna, hiyo ni hotuba, na watu wetu wana adabu ya kusikiliza hotuba.

Katika kazi hii tuna neno uraghbishi, yaani kuwaamsha watu wachambue hali yao kwa macho yao wenyewe. Jambo lenyewe si geni nchini. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha, kikundi kilijadiliana, kikaamua cha kufanya, halafu watu wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilileta mada, lakini kauli ya mwisho ilikuwa ya kikundi. Nami nimekaa katika semina za Jumatano za TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo, Dar es Salaam, na nilichojifunza zaidi pale ni kunyamaza. Ukiuliza swali, hesabu moyoni hadi 20 kabla hujafungua mdomo tena. Ukimya unatisha, najua. Vumilia, kwa sababu mara nyingi anayeuvunja ni yule ambaye hajawahi kupewa nafasi.

Nilirudi kijijini safari hii bila bango kitita. Tuligawana makundi: wazee wa kiume, vijana wa kiume, akina mama, wasichana. Usiwachanganye siku ya kwanza. Msichana hawezi kumpinga baba yake mkubwa hadharani, na kumlazimisha ni kumkosea. Kila kundi likachora chini, kwa majivu na punje za mahindi, saa 24 za siku ya mama, za baba na za binti wa nyumba moja. Juma lililofuata tukaweka michoro yote pamoja.

Wanaume walikuwa wamempa binti saa tatu za kucheza. Wasichana hawakuweka hata moja. Mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, hizo saa zimeliwa na nini. Ikaelezwa: kufuli la pampu ya kisima hufunguliwa saa 1 asubuhi. Binti anapanga foleni, anafika shule amechelewa, anachapwa. Kesho anachelewa tena. Baadaye anaona afadhali asiende. Baba mmoja akasema, "Mimi nilijua shule imemshinda." Kisha akakaa kimya muda mrefu, nasi hatukumsemesha.

Neno ndoa halikuwa limetajwa. Likatajwa na mama mmoja, mayu (mama, kwa Kisukuma) wa makamo, aliyesema kwamba binti aliyekaa nyumbani miezi sita huanza kuulizwa habari za posa. Mjadala ulianzia hapo. Nilichofanya mimi ni kuuliza tu, "Na ikawaje?"

Lililopatikana siku hiyo linaweza kuonekana dogo: kamati ya maji ilikubali pampu ifunguliwe saa 11 alfajiri, na watoto wa shule wapite mbele ya foleni. Nalithamini kuliko makofi yote ya warsha ile ya kwanza, kwa kuwa waliliamua wenyewe. Uamuzi wa namna hiyo uandikeni kwenye muhtasari na muupeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Usipoandikwa, kamati ikibadilika nao unasahaulika.

Kuhusu posho, msimamo wangu ni mkali. Lipa nauli ya aliyetoka mbali, andaa uji na viazi, basi. Hela ikishakuwa sababu ya kuja, watu watakupa majibu wanayodhani umeyanunua. Saa ya kikao wapange akina mama, si dereva wako. Na viti, kama havitoshi wote, visiwepo. Mwenyekiti akikaa kitini na wanawake kwenye mikeka, mjadala umeshaamuliwa kabla haujaanza.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Ukiwafungua watu, yatatoka mambo ambayo hukuyatarajia. Kabla hujaenda, fahamiana na afisa ustawi wa jamii wa eneo hilo, jua dawati la jinsia na watoto la polisi liko kituo gani, na uwe na namba 116 ya huduma kwa mtoto. Usimruhusu mtu asimulie ukatili aliofanyiwa mbele ya kundi. Mwombe kwa heshima mzungumze pembeni.

Na kikao kikiisha, usikimbilie bodaboda. Kaa, saidia kukunja mikeka. Siku ile ya michoro, msichana mmoja ambaye hakuwa amesema neno alinisaidia kuzoa punje za mahindi, moja moja, polepole mno, hadi wengine wote walipoondoka. Ndipo akaniambia posa yake imeshaletwa. Jioni hiyo sikulala kwangu. Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, nikiwa na mama mdogo wa msichana huyo, na tukabisha hodi.