Maswali ya presha: kabila, ng'onda na wapimaji wa msimu

Shikamoo daktari. Sisi Wamakonde wa Tandahimba wazee wetu hawakuwa na presha. Ni ugonjwa wa makabila mengine?

Marahaba. Nani aliwapima hao wazee? Wangapi walianguka shambani, upande mmoja ukapooza, mkasema wamerogwa?

Kabila lisiwape usingizi. Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini walifuatiliwa na watafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Ni Waluo wale wale, lakini miezi michache tu mjini presha zao zilikuwa zimewapita waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu pungufu. Kilichobadilika ni maisha na sahani. Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao hawatii chumvi kwenye chakula, walikutwa na wastani wa kama 95 kwa 61, tena haupandi na umri. Mnaotaka presha ya Wayanomami, kuleni kama wao. Ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, na chipsi za stendi mnazila kama watu wa Dar.

Kichwa hakiniumi. Kuna haja ya kupima?

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ipo. Presha haina dalili kwa wengi.

Walikuja watu wa utafiti hapa Newala, wakatupima, wakaandika kwenye tableti, wakaondoka. Hatujaambiwa kitu mpaka leo.

Hili linaniudhi kuliko yote. Namba ya presha inatokea kwenye mashine papo hapo, inasubiri nini kumfikia mwenye mkono? Mara nyingine wakija, kabla hamjaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, ulizeni: kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiko wapi, majibu yangu nayapata lini, nikikutwa na 180 mnanipeleka wapi? Una haki ya kukataa, na ya kujitoa katikati, bila kunyimwa huduma zahanati.

Tena angalieni mnavyopimwa. Mama katoka kubangua korosho, kapanda mlima na ndoo kichwani, anafungiwa mpira juu ya mkono wa gauni huku anahojiwa ana watoto wangapi. Hicho si kipimo. Akojoe kwanza, akae dakika tano ameegemea, miguu chini, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Apimwe mara mbili au zaidi. Kisha tunasomewa kwamba "jamii fulani" ina presha, kumbe walipima mlima.

Chumvi ya mawe ya hapa kwetu Lindi si ni ya asili, haina madhara?

Sodiamu ni ile ile, na pengine haina madini joto, ukaongeza na rovu. Kwa mtu mzima, chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na iliyomo kwenye ng'onda imo kwenye hesabu. Ng'onda irowekeni, mwage maji.

Nilipewa dawa, presha ikashuka hadi 128 kwa 80, nikaacha. Nimekosea?

Umekosea. Ilishuka kwa sababu ya dawa.

Msimu wa korosho mgongo unaniua, nanunua diklofenaki duka la dawa. Inaingiliana na vidonge vya presha?

Afadhali wewe umeuliza. Inapandisha presha, inapunguza nguvu ya baadhi ya vidonge hivyo, na figo zinaweza kuumia. Mwambie muuzaji kabla hajakukatia kwamba unatumia dawa za presha. Akikwambia haina shida, nenda zahanati.