Muulize Mama Fundi: Betri ya vepu haichaguliwi kwa namba kubwa

*Kamwene mama, shikamoo. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Kihesa, Iringa. Niliacha sigara, sasa natumia vepu, ile sigara ya umeme, aina ya kuchomoa betri. Betri yake imechoka, haikai na chaji. Dukani nimeonyeshwa mbili za umbo moja: moja imeandikwa 9800 mAh, nyingine 2500 mAh, na hiyo ndogo ndiyo ghali. Rafiki yangu ana betri ya laptop iliyokufa, anasema tukiipasua tutazikuta za saizi hiyohiyo za bure. Koili yangu, ule waya wa ndani unaopata moto, imeandikwa 0.2. Nichukue ipi?*

Marahaba mwanangu, kamwene. Chukua ya 2500, mradi iwe halisi. Ile ya 9800 iache palepale kabatini, na ya laptop mwambie rafiki yako asante.

Betri mnazozizungumzia ni zile za 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65. Umbo hilo lina mwisho wa kubeba. Samsung, LG, Panasonic na Murata, ambao ndio walionunua kazi ya betri ya Sony mwaka 2017, betri zao nyingi kubwa za saizi hii huishia karibu na 3500 mAh. Hakuna aliyefika hata nusu ya 9800. Kwa hiyo huyo aliyechapa namba hiyo amekudanganya kabla hujaitia kwenye kifaa, na aliyedanganya kwenye hilo simwamini kwa lingine lolote.

Lakini hata namba hiyo ingekuwa ya kweli, isingekutosha. mAh inakuambia betri itakaa muda gani. Haikuambii inaweza kutoa umeme mwingi kiasi gani kwa mara moja bila kuchemka. Wewe ni mtu wa bajaji: ukipakia abiria watatu Ipogolo, kinachokupandisha mpaka mjini ni injini, si ukubwa wa tenki. Nguvu ya betri inapimwa kwa ampea, tena ampea za mfululizo, si zile za mpigo wa sekunde chache ambazo wauzaji hupenda kuziandika kwa herufi nene.

Hesabu yake ni ya darasani: volti gawa kwa omu, yaani ukinzani wa koili, unapata ampea. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Koili yako ni omu 0.2. Jibu ni ampea 21. Hiyo ni iwapo vepu yako ni bomba tupu lisilo na saketi ya kulinda, na hujaniambia. Kama ni hivyo, Samsung 25R yenye 2500 mAh na ampea 20 tayari imezidiwa, na mimi ningekuhamisha kwenye koili ya omu 0.3, ambayo inavuta ampea 14. Pumzi itakuwa nyepesi kidogo, utaizoea.

Kama ina kioo cha kupanga wati, acha omu, piga hesabu ya wati. Wati 40 kwa betri moja iliyoshuka mpaka volti 3.2 ni ampea 12.5, ongeza kidogo kwa umeme unaopotea ndani ya kifaa, uko kwenye 14. Hapo 25R inafanya kazi bila jasho, na LG HG2 ya 3000 mAh na ampea 20 pia. Samsung 35E ina 3500 mAh, lakini ampea zake ni 8 tu. Umeona inavyokwenda? Kwa kawaida mAh zikipanda, ampea zinashuka. Ndiyo maana sizitaki za laptop: zimetengenezwa kutoa umeme polepole kwa saa nyingi, na nyingi huishia kati ya ampea 4 na 8. Nazitumia mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye tochi, baada ya kupima moja moja kwa mita. Kwenye kitu unachokiweka mdomoni, hapana.

Kabla hujalipa, pima uzito. 18650 nzuri ina gramu 45 hadi 48 hivi. Mimi huazima ile mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu. Huko kwenu sonara yeyote anayo. Ikisoma 30 na kitu, rudisha.

Sasa sikiliza hili kuliko yote. Ganda lote la chuma la betri hiyo ni hasi, kuanzia kitakoni mpaka begani, karibu kabisa na kile kichwa cha chanya. Kinachozitenganisha huko juu ni kaduara kembamba na ile plastiki iliyovalishwa. Plastiki ikichanika, chuma cha kifaa kikigusa, ni shoti. Na wewe mfuko wako umejaa sarafu za chenji na ufunguo wa bajaji! Nimemwona kijana aliyeungua paja kwa betri iliyokuwa huru mfukoni na sarafu. Jeraha lile silitaki kwa mtoto wa mtu mwingine. Nunua kiboksi cha plastiki cha kuwekea betri, bei yake ni ndogo. Plastiki ikianza kuchanika, mpelekee fundi aivalishe mpya. Betri iliyobonyea haivalishwi, inastaafishwa.

Kuhusu nikotini, nakuambia kama mama: umefanya vizuri kuachana na moshi, lakini ulevi wake ni uleule. Ukipata nguvu, shuka taratibu mpaka uiache na hii.

*Mama, huku Matamba, Makete, mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunakuta barafu kwenye majani. Betri zangu za tochi na vepu nazichaji kwa sola, nikiziacha nje zinaonekana zimekwisha. Zimeharibika?*

Hazijaharibika. Baridi inazipunguzia mwendo, volti zinashuka unapovuta umeme, kifaa kinadhani chaji imekwisha. Ziweke ndani ya koti dakika kadhaa, zitarudi. Ila usichaji betri ya lithiamu iliyo chini ya nyuzi 0. Madini ya lithiamu hujiganda juu ya sahani ya ndani badala ya kuingia, na hapo ndipo inapoharibika kweli, bila wewe kuona alama yoyote kwa nje. Ilaze chumbani usiku, subiri ipate joto la chumba, ndipo uichomeke. Chaja iwe ya kukata yenyewe kwenye volti 4.2.

*Naruka kutoka Songwe kwenda Dar es Salaam. Vepu na betri za akiba niweke wapi?*

Panda nazo mkononi, kamwe si kwenye begi la kukabidhi. Kila betri ya akiba ndani ya kiboksi chake, vepu ikiwa imezimwa. Ndani ya ndege haivutwi wala haichajiwi.