Mama asiuze kiwanja

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kituoni, nikisubiri basi la kwanza asubuhi. Unasema wakala amefika chuoni kwenu, amewaambia nesi Uingereza analipwa shilingi milioni saba kwa mwezi, na mama yuko tayari kuuza kiwanja cha Muheza ulipie barua ya udhamini wa mwajiri wa huku. Ukamalizia: "Dada, mbona hutuambii ukweli? Au hutaki wenzio wafike?" Neno hilo limenichoma siku nzima. Haya, sikiliza.

Hiyo milioni saba ameipata kwa kuzidisha. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Ukipata saa arobaini kila wiki na usikatwe kodi, inakaribia hapo. Mimi wiki iliyopita nilipangiwa saa 26. Naenda nyumba kwa nyumba kuogesha wazee, na muda wa njiani haulipwi. Chumba pauni 550. Na hiyo si kazi ya unesi. Ili uitwe nesi huku lazima usajiliwe: mtihani wa Kiingereza upate 7, kuandika 6.5, kisha mitihani yao ya nadharia na ya vitendo. Miaka yote hii mimi bado najiandaa, kwa sababu narudi nimechoka nalala na viatu.

Halafu mlango nilioingilia mimi umefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 hawaruhusu tena kuleta watunza wazee wapya kutoka nje. Na Tanzania ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo Uingereza imejizuia kwenda kuchukua watumishi wao. Nesi anaweza kuomba kazi mwenyewe, ila mtu kuja chuoni kuandikisha watu ni kinyume na utaratibu wao. Sasa muulize huyo wakala anawauzia nini.

Lakini linaloniuma zaidi ni hizi pesa ninazotuma.

Nina daftari. Jana usiku nimelifungua nikapitia mwaka mzima. Ada yako. Dawa za presha za mama. Msiba wa babu, mara mbili, maana kulikuwa na arobaini. Bati za mjomba baada ya upepo. Mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua. Kila mstari una sababu, hakuna hata mmoja ninaoujutia, na hakuna hata mmoja uliozaa kitu. Mwakani naanza upya palepale. Na kila nikituma, kuna makato. Dunia iliahidiana yashuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwa nchi zetu za Afrika bado wastani unazungukia 8.

Kuna mstari mmoja wa mwezi Machi. Binti wa shangazi alikuwa karibu kujifungua, akanitumia picha ya karatasi kutoka zahanati: glovu jozi nne, uzi wa kitovu, nyembe, mpira wa kutandika, dripu mbili. Kwa sera, huduma ya mjamzito ni bure. Mwandiko niliutambua. Ni wa sista niliyefanya naye kazi pale pale. Picha inaingia, mimi nipo chooni kwa bibi mmoja, nimevaa glovu. Boksi lenye glovu mia lipo juu ya sinki. Nilivua jozi niliyoivaa dakika nne, nikaitupa, nikavaa nyingine, kisha nikatoka kwenye korido kutuma shilingi elfu sitini za kununulia glovu.

Unajua pale nilijitolea miaka miwili, posho elfu hamsini, mwezi mwingine haipo. Ajira niliomba mara tatu. Zahanati ina nesi mmoja, na mtaani wamejaa wenye vyeti kama changu. Upungufu upo na watu wapo. Kinachokosekana ni fungu la kuwalipa. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, na nchi nyingi hazijafika mpaka leo. Kwa hiyo asiniambie mtu nimeikimbia nchi. Nchi ilinisomesha kwa mkopo ikanikosesha nafasi.

Na bado nimekimbia, mdogo wangu. Sista yule amebaki peke yake, mchana na usiku. Wakizaa wawili kwa pamoja, mmoja anasubiri. Pauni zangu zinanunua glovu, hazimpatii wa kumpokea zamu.

Nikisikia viongozi wakitusifu eti diaspora ni injini ya uchumi, nakosa raha. Wakenya walio nje mwaka 2024 walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na ni kweli zimelisha watu, hata kwetu zinalisha. Ila pesa ya kubeba boksi haiwezi kuwa ndiyo wizara ya afya ya kijiji.

Basi usije. Maliza chuo, omba ajira kila zinapotangazwa, hata kama ni Katavi, nenda. Lakini nisikudanganye, nikikuona mwaka wa pili unajitolea bila posho, mimi mwenyewe nitakulipia mtihani wa Kiingereza. Ila uje kama nesi aliyesajiliwa, kwa jina lako na karatasi zako, usije chini ya mtu. Mwajiri aliyekudhamini viza akikufukuza una siku 60 tu za kupata mwingine, na hapo ndipo watu wanapokubali kufanyishwa lolote. Nimewaona. Nimekubali na mimi.

Anza Kiingereza cha kuandika sasa hivi. Niandikie ukurasa mmoja kila Ijumaa, nitausahihisha kwenye basi.

Mama mwambie asisaini kitu. Hati ya kiwanja aiweke kwa shangazi mpaka nipige Jumapili baada ya ibada. Na uniulizie yule sista kama namba yake ni ile ile, nina neno naye.